Wewe na si mwingine

Sekretarieti ya Ajira ikikuita kwenye usaili, tangazo lake halibembelezi mtu. Njoo na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa. Hati za matokeo hazikubaliki. Chakula, usafiri na malazi utajigharamia. Anayeitwa Dodoma kutoka Kagera atalala safarini. Sisi tunaosoma uzamili hapa Chuo Kikuu cha Dodoma angalau tuna chumba.

Chumba chenyewe tunaishi wawili, na tumeitwa wote kwa kada moja: Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II. Tumenunua kaunta buku moja. Kushoto maswali, kulia majibu. Usiku mmoja yeye ni jopo, usiku wa pili ni mimi.

Maswali ya kada hayatusumbui. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inakopeshwa vipi? Nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa nini mikopo hiyo ilisitishwa 2023 kabla ya kurudi 2024? Hapo mwenzangu hutaja vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, na yuko sahihi. Mimi nina cha kuongeza: mama yangu yumo katika kikundi kule Mvumi, na ninajua wiki ya marejesho ilivyo, nani anauza mbuzi, nani anakwenda kumlilia kaka yake. Nilisita kidogo, kisha nikamweleza yote. Akaandika.

Swali lililotukwamisha ni la kawaida kabisa. "Kwa nini tukuajiri wewe na si mwingine?" aliniuliza, amekunja miguu kitandani, sauti ya mwenyekiti wa jopo. Nikamtazama. Huyo mwingine alikuwa yeye.

Nyumbani tumelelewa kwamba mtu husifiwa na wenzake. Anayejisifu mwenyewe huchekwa. Jopo linataka ujisifu, tena kwa dakika mbili. Tukakubaliana kila mmoja aandike jibu la mwenzake.

Nimeandika kwamba nilimwona kwenye mkutano wa kijiji ulioanza kwa wazee kumpa mgongo, akauliza habari za mvua na mtama hadi wakageuka wenyewe. Nimeandika kwamba hamkatizi mtu anayeongea polepole. Sijapunguza hata neno, ingawa nilijua ninamwandikia nani.

Nimelisoma mara mbili. Ningekuwa kwenye jopo, ningemwajiri.