Kabla hujasimama mbele ya ubao

Makiso, Kisangani, mwisho wa Agosti

Mwanangu mpendwa,

Habari ya diploma yako ya D6 ililetwa na dereva wa lori aliyetoka huko Bafwasende, na majirani walisikia vigelegele vyangu hadi barabarani. Sasa nasikia umepewa mwaka wa pili wa shule ya msingi hapa Makiso, uanze Septemba. Nimefurahi, lakini usiku ule sikulala. Kuna jambo ambalo katika pedagojia yako yote sidhani ulifundishwa, maana hata mimi sikufundishwa. Nililijua nikiwa nimekwisha kuumiza watoto wa watu.

Sisi tulifundishwa kuandaa somo kwenye karatasi, kuandika ubaoni kwa mwandiko ulionyooka, kuimbisha darasa zima ba be bi bo bu. Kumsikiliza mtoto mmoja peke yake hatukufundishwa.

Wewe hukuijua Juni 2000, siku 6 ambazo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Shule zilipofunguliwa tena nilikuwa na mvulana wa miaka 9. Jioni alikuwa kwa fundi wa baiskeli, akinyoosha spoku za toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Alijua baiskeli ipi ni ya nani na nani ana deni la kiasi gani, yote kichwani, bila karatasi. Ukimpa kitabu, alishika silabi ya kwanza, akatazama picha, kisha akabuni neno. Nilisema ni mabomu. Mwaka ule kila mtoto aliyeshindwa tulisema ni mabomu, na kwa wengi ilikuwa kweli: walikaa, wakatulia, wakasoma. Yeye alitulia, akacheka na wenzake, na kusoma hakukuja. Nikamrudisha darasa. Mwaka uliofuata nikamrudisha tena. Siku moja nilimsimamisha mbele ya watoto wadogo kwake asome mstari mmoja, nikanyamaza nikimngoja. Kimya kile bado nakisikia. Baada ya Pasaka hakurudi.

Na huyu, mwanangu, ndiye aliyekuwa akiimba ba be bi bo bu kwa sauti kubwa kuliko wote. Kwaya ndiyo iliyomficha. Alishika wimbo kwa masikio, na mimi nikiwa mbali na kijiti changu nikidhani anasoma.

Hali hiyo inaitwa disleksia. Daktari wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, ndiye aliyeanza kulitumia neno hilo, mwaka 1887, akizungumzia watu wazima ambao ubongo wao ulipata ugonjwa wakashindwa kusoma. (Ni mwaka uleule Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alipopewa uwali wa maporomoko yetu haya. Kiswahili unachokwenda kufundisha kilishuka mto na watu wake, kwa hiyo mwaka huo siusahau.) Mwaka 1896 daktari mwingine, Pringle Morgan wa Uingereza, akaandika habari za Percy, mvulana wa miaka 14 mwenye akili nyepesi, ambaye jina lake mwenyewe aliliandika Precy. Mwalimu wake alisema kwamba masomo yangekuwa ya mdomo tu, Percy angewashinda wote shuleni. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona mtoto wangu wa spoku.

Tatizo si la macho, wala si uvivu. Ubongo wa mtoto huyu unapata shida kuzitenganisha sauti zilizomo ndani ya neno na kuziunganisha haraka na herufi. Wataalamu wengi wanakadiria ni watoto 5 hadi 10 katika kila 100, kutegemea kipimo kinachotumika. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019 madarasa yetu yamefurika. Ukipewa 60, hesabu 3 au zaidi. Usiulize kama wamo, uliza wamekaa benchi gani.

Sasa shika hili, maana hapa ndipo walimu wetu wanapopotea. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, na Lingala vilevile. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia hatakupa makosa mengi kama unavyotazamia. Mwaka 2001 watafiti walichapisha ulinganisho wa wasomaji wazima wenye disleksia, Waitalia, Wafaransa na Waingereza. Udhaifu ndani ya ubongo ulikuwa mmoja, ila Waitalia, ambao maandishi yao yamenyooka kama yetu, walisoma vizuri kuliko wenzao. Basi wa kwetu atapatia, lakini polepole, kama mtu anayevuka mawe ya maporomoko ya Wagenia akipapasa jiwe moja moja kwa mguu. Akifika mwisho wa mstari amesahau mwanzo wake. Wewe utasema anajua ila mzembe, utampita. Kisha Kifaransa kinaongezeka katika miaka inayofuata, anakutana na chapeau, anakutana na ils parlent ambayo mwisho wake hautamkwi, na hapo anaanguka mbele ya kila mtu. Mwalimu wa juu atashangaa. Wewe wa mwaka wa pili ndiye uliyekuwa na nafasi ya kumwona.

Utamwonaje? Wiki za kwanza, mapumzikoni, mwite mtoto mmoja mmoja. Mwandikie maneno ya kubuni tu: pemu, zoki, dabe. Aliyekariri kitabu hawezi kuyakariri hayo. Kisha weka kitabu pembeni, mwambie, "Sema paka. Sasa sema bila ile sauti ya kwanza." Mwenye sikio atasema "aka". Mwenye shida atakutazama tu, au atakupa jina la mnyama mwingine. Kugeuza b na d kusikutishe, katika umri huo wengi wanageuza. Na kabla hujatamka neno disleksia, hakikisha anaona ubao, anasikia, amekula, na hakukosa miezi mizima kwa malaria. Jina hilo si la kubandika kila anayechelewa, kama sisi tulivyobandika vita.

Ukishamjua, anza na sikio kabla ya kalamu. Pigeni makofi Ki-sa-nga-ni, halafu mshuke ndani ya silabi, sauti kwa sauti. Herufi aichore kwa kidole mchangani huku akitamka sauti yake, mkono, jicho na sikio vikifanya kazi pamoja. Samuel Orton na Anna Gillingham walianza kuijenga njia hiyo Marekani karibu miaka 100 iliyopita, na mchanga hapa kwetu haukosekani. Nenda kwa mpangilio, rudia kila siku kidogo kidogo. Mb, nd, ng', mw, kila moja ipe siku zake.

Kisha kuna jambo la lugha yetu ambalo sijaliona katika vitabu vya Wazungu. Herufi zetu ni rahisi, urefu wa maneno ndio mzigo. "Hawakutuletea" kwa mtoto huyu ni ukuta. Mwonyeshe matofali: hawa, ku, tu, let, e, a. Nani, lini, kwa nani. Akiyazoea matofali hayo machache anayakuta katika maneno mia, na mwendo wake unabadilika. Kama ningeijua siri hii mwaka 2000!

Usimsomeshe mbele ya wenzake bila kumwandaa. Kama jana mmekubaliana mstari wake, sawa. Somo la sayansi muulize kwa mdomo, na usimkate alama za dikte humo. Na mzazi akikuambia mtoto ameitwa ndoki, yaani mchawi, kwa sababu hasomi, acha kila kitu, nenda nyumbani kwao siku hiyohiyo.

Nimebakiza neno moja. Najua baba yako atakuomba umsomee barua hii, kama alivyoniomba mimi nimsomee kila barua tangu tukiwa vijana. Unapofika hapa msomee polepole, mkiwa wawili tu. Kaka yangu, uliacha shule mwaka wa nne, na fimbo zile zote baba yetu alikupiga mimi nikitazama nikiwa na daftari langu safi mkononi. Ulikuwa na akili kuliko mimi. Nisamehe kwamba nimechelewa kulisema.

Hali hii hutembea katika ukoo, mwanangu. Mdogo wako ana miaka 6. Kabla hujapanda gari la kuja huku, kaa naye chini ya mwembe, cheza naye ule mchezo wa paka, na uniletee majibu yake kama alivyoyasema, hata yale ya kuchekesha. Chumba chako kiko tayari.

Shangazi yako