Jezi Namba Tisa
Msimu ule timu yetu ya Mitundu ilifungwa mpaka watoto wakatuzomea. Kocha akaamua: wakongwe tukae benchi, madogo wa sekondari waingie. Nilinuna wiki nzima.

Lakini kijiweni si mimi niliyekuwa nikihubiri? Singida United ilipanda Ligi Kuu 2017, ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2018 na kufungwa na Mtibwa Sugar 3-2, ikashuka daraja 2020. Timu hainunuliwi, nilisema, hulelewa.

“Si maneno yako hayo, mdogo wangu?” kocha aliniuliza.

Jumamosi nilimvisha dogo wa kidato cha pili jezi yangu. Ikamfika magotini. Tulifungwa tena, moja bila. Safari hii hakuna aliyezomea.