Vifaa Kabla ya Chupa: Kuosha Gari Soin na Ng'ambo

Kijana wa Soin, kaunti ya Kericho, anayetaka kujifunza kutunza gari, iwe ni la nyumbani au anafungua kibanda cha kuoshea magari kando ya barabara inayoteremka kutoka Kericho kwenda Sondu, siku hizi huanzia kwenye video. Nyingi hurekodiwa Uingereza na Marekani, na nyuma ya msemaji utaona rafu iliyojaa chupa: povu la kulainisha uchafu, dawa ya kuondoa chembe za chuma, polishi za aina tatu, nta, kinga ya seramiki. Orodha hiyo hutufikia sisi tulio ng'ambo kwa WhatsApp, tukiombwa tuulizie bei. Mimi nashikilia kwamba orodha hiyo ilipangwa kwa mahitaji ya kwingine, na anayeanza nyumbani aipindue: pesa ya kwanza inunue vile vinavyoigusa rangi ya gari kwa mkono, chupa zifuate baadaye.

Chupa hizo zina sababu zake huku ng'ambo. Minnesota hunyunyiza chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma cha chini ya gari, kwa hiyo dawa za kuiondoa na za kuikinga bodi zina kazi ya kweli. London ina maji magumu yenye chokaa. Yakikauka juu ya boneti huacha madoa meupe, ndiyo maana watu hununua vichujio vya maji na dawa za kutoa madoa. Miji mingi ya Ujerumani imekataza kuosha gari barabarani au uani ambako maji machafu hupenya ardhini, na wakazi wa ghorofa hawana hata bomba la nje. Kwao shampoo isiyohitaji kusuuzwa ni msaada mkubwa. Ongeza kwamba video nyingi hulipiwa na wauzaji wa chupa zenyewe.

Sasa tazama gari lililotoka mashambani Soin baada ya mvua. Hakuna chumvi. Kuna tope jekundu lililokaukia kwenye vizingiti vya milango na nyuma ya matairi, na ndani yake chembe za murram. Tabaka la juu la rangi, lile angavu linalobeba mng'ao, kwa kawaida lina unene wa mikroni 35 hadi 50, yaani jembamba kuliko unywele wa kichwani. Mwoshaji akichovya sponji kwenye ndoo moja, akapitisha kwenye kizingiti kisha akapanda nayo mlangoni, chembe zile hukwama kwenye vitundu vya sponji na kuchora kila inapopita. Kivulini huoni kitu. Toa gari jeusi juani saa sita mchana, uinamie boneti, utaona mikwaruzo myembamba iliyojizungusha kila mahali. Hakuna shampoo, hata ya bei gani, inayozuia mikwaruzo hiyo ikiwa kilichoshikwa mkononi ni sponji yenye mchanga.

Basi vifaa vya mwanzo ni vichache. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, ili uchafu ubaki kwenye ile ya pili. Glavu ya mikrofaiba yenye nyuzi ndefu, ambazo hubeba mchanga mbali na rangi. Taulo kubwa la mikrofaiba la kukaushia, na vitambaa vidogo vya ndani. Kitambaa kikianguka chini, hakirudi tena kwenye bodi. Kinahamia kwenye rimu. Kabla ya kugusa chochote, tope lazima lilowe na kuteremka lenyewe. Watu wa video hutumia mashine ya shinikizo, lakini mkulima wa Kericho anaijua pampu ya mgongoni ya kupulizia dawa, na pampu mpya ya lita 16 ikijazwa maji na sabuni kidogo hulowesha gari zima vizuri. Nasisitiza pampu mpya: iliyowahi kubeba dawa ya magugu au ya kupe isikaribie gari wala mikono ya mwoshaji. Maji nayo ni neema ambayo watu wa London wanailipia. Yale ya mvua kutoka paa la mabati hayana chokaa, na tangi likiwa safi, gari halibaki na madoa.

Wapo watakaosema Omo imeosha magari miaka yote na hakuna rangi iliyobanduka. Ni kweli kwamba siku moja haidhuru. Sabuni ya unga ni kali kwa alkali, huondoa nta na kukausha mipira ya madirisha, na chembe zake zisipoyeyuka nazo hukwaruza. Hata hivyo, kama kuna pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, ningenunua glavu na ndoo ya pili kabla ya shampoo ya gari. Mwenye Probox ya kubebea maziwa ana haki ya kuuliza faida iko wapi. Jibu liko siku ya kuiuza, maana mnunuzi huanza kwa kuzunguka gari akitazama rangi.

Polishi na mashine yake visubiri kabisa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na mengi hutoka Japani yakiwa yameukaribia umri huo, kisha yanatumika huko nyumbani miaka mingine mingi. Hujui limeshang'arishwa mara ngapi. Polishi hung'arisha kwa kula tabaka lile jembamba, na asiye na kipimo cha unene anafanya kazi gizani. Kinachostahili kuja mapema ni nta, kwa sababu joto la bondeni Soin ni kali kuliko la milimani kwenye chai, na paa na boneti ndizo huanza kubabuka. Chagua nta ya sintetiki. Ya asili ya karnauba huisha upesi kwenye joto. Na osha asubuhi au jioni, bodi ikiwa baridi.

Jambo moja la Ujerumani lingefaa kuigwa, walau kwa sehemu: maji machafu yasiingie mtoni. Mito ya upande wa Soin hushuka hadi Nyando na Sondu, na yote miwili huingia Ghuba ya Winam. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 zilimtaka kila mtu aepuke kuchafua maji, na zilitenga kati ya mita 6 na 30 za ukingo zisilimwe wala kuendelezwa. Kibanda kikae juu ya nyasi au changarawe, mbali na mto.

Kwa wanaofunga mizigo ya kwenda nyumbani Desemba: shampoo na nta ni nzito, na zinapatikana kwenye supamaketi za Kenya. Nafasi ya sanduku ipewe glavu mbili nzuri, taulo la kukaushia na vitambaa kumi, na aliyetumwa orodha aelezwe kwamba hivyo vifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu hiyo huziba nyuzi.