Pikapu Juu ya Meza ya Kulia

Jamani, umbali una mambo! Mume wangu ana mwaka na nusu anasoma Marekani. Mei hii nikachukua likizo, nikamfuata Concord, jimbo la North Carolina. Hapo ndipo ulipo uwanja wa Charlotte Motor Speedway, mzunguko wa kilomita 2.4, na kila Mei pikapu za NASCAR, zinazoshindana tangu 1995, hufukuzana humo.

Mimi nilitarajia matembezi. Nikakuta meza ya kulia imejaa modeli za chuma za pikapu hizo, kila moja ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe. "Hii nimeinunua dola 3 kwa jirani aliyekuwa anauza vitu vyake vya zamani," akaniambia, macho kwenye mlango uliochubuka. Nikanuna. Kweli nimepanda ndege mbili nije kugombea mume na vigari vya kuchezea?

Usiku wa tatu nikachoka kununa, nikakaa kumwangalia. Anatoboa ribiti za chini kwa drili, anatenganisha bodi na chesisi, anatoa vioo na kila cha plastiki, maana dawa ya kubandua rangi huweza kuiharibu. Bodi inaoshwa kwa sabuni, inapigwa msasa, inapakwa praima. Kisha rangi, nyembamba, mkono juu ya mkono. Ukiimwaga nzito inachuruzika na kuziba mistari ya milango. Kati ya mkono na mkono, mnasubiri.

Katika kusubiri huko ndipo tulipoongea. Akaniambia jioni nyingi alishika simu akaogopa kupiga, maana kila tukiongea tunaishia kwenye ada na kodi ya nyumba. Nami nikakiri: kuna siku niliona jina lake kwenye simu, nikaiacha iite mpaka ikakatika.

Kimya. Nikagusa boneti kuona kama imekauka. Wapi! Alama ya kidole changu ikabaki pale, waziwazi. Nikasubiri achukue msasa aanze upya. Akaichukua pikapu taratibu, akaiweka dirishani ikauke hivyohivyo.

Nimesharudi Dar. Akipiga, napokea. Tunaanza na pikapu, ada baadaye.