Kibao

Kilikuwa kipande cha mbao ya mninga, ukubwa wa daftari, kimetobolewa matundu mawili na kupitishwa kamba ya katani. Mwanafunzi aliyekamatwa akiongea Kiswahili baada ya kengele ya kwanza alikivaa shingoni na kukaa nacho mpaka amnase mwenzake. Aliyekutwa nacho saa ya kutawanyika alichota maji ndoo sita za kujaza pipa la jikoni. Kikiwa hakina wa kukivaa, kilikaa kwenye droo yangu. Mwalimu wa Kiingereza nilikuwa mimi.

Sikukianzisha, nilikikuta. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nilijitetea nalo.

Nilifika Mpanda Februari 2022, miezi michache baada ya kumaliza shahada ya kwanza ya ualimu, nikiwa sina ajira na nimechoka kuulizwa na shangazi zangu wa Tanga nitaajiriwa lini. Mjomba, anayenunua mpunga huko Katavi, alisikia kuna shule ya kata inatafuta mwalimu wa kujitolea. Posho ilikuwa shilingi 80,000 kwa mwezi, kutoka kwenye michango ya wazazi, michango ikipatikana. Nikapanda basi mpaka Dar es Salaam, kisha treni. Baada ya Tabora, pale Kaliua, treni ya Mpanda huiacha reli ya Kigoma na kushika tawi la kusini. Waingereza walilijenga kwa ajili ya madini ya risasi, ndiyo maana linaishia Mpanda. Niliposhuka na begi langu, niliwaza kwamba nami nimefika mwisho wa reli.

Nilipanga chumba Kashaulili, katikati ya mji. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kifipa ambaye wiki ya kwanza hakuniruhusu kupika. "Mgeni hapiki," alisema, akaniletea ugali na dagaa kila jioni. Shuleni nako mkuu wa shule alinikaribisha kwa maneno yale yale tunayoyajua wote, kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu alinipa boksi la chaki na kidato cha kwanza chote: wanafunzi 94 katika chumba kimoja, vitabu vya kiada 11.

Siku yangu ilianza saa kumi na moja alfajiri. Maji, chai na chapati kwa mama ntilie wa jirani, kisha bodaboda nusu saa kutoka mjini kwenda kijijini. Kiangazi nilifika nikiwa na rangi ya vumbi. Masika dereva aliniambia nishuke, akaisukuma pikipiki kwenye tope, mimi nikimfuata na viatu mkononi. Kengele ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Mstarini, wimbo wa taifa, ukaguzi wa kucha, halafu naingia darasani na watoto 94 wanasimama kwa pamoja: "Good morning, madam!" Sauti ilikuwa kubwa kiasi cha kutikisa mabati. Baada ya hapo, kimya.

Sijawahi kuusikia ukimya kama ule. Niliuliza swali kwa Kiingereza, wakaangalia madawati. Nilirudia taratibu, wakaangalia madawati. Nilimtaja mmoja kwa jina, akasimama, akatabasamu, akauma kidole. Saa ya mapumziko watoto hao hao walipiga kelele uwanjani mpaka nikashindwa kusahihisha madaftari.

Waliniita Madamu Tanga. Kiswahili changu kiliwafurahisha kuliko Kiingereza changu. Nikisema "n'shafika" badala ya "nimeshafika", darasa zima lilicheka na jioni nililisikia neno hilo njiani likiigizwa. Nyumbani Tanga tunajivunia Kiswahili chetu kama watu wengine wanavyojivunia ng'ombe. Katavi nilikuta Kiswahili ni lugha ya sokoni, ya ofisini na ya shuleni, lakini si lazima kiwe lugha ya jikoni. Nyumbani watoto wangu waliongea Kifipa, Kibende, Kikonongo, Kisukuma, Kiha, Kirundi. Nililijua hilo kama mtu anavyojua jambo alilolisoma. Halikunifikia.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba. Kiranja aliniletea binti mmoja wa dawati la nyuma, kibao shingoni. "Madamu, mara ya tatu wiki hii." Alikuwa amekamatwa kwenye pipa la maji akiongea Kiswahili na wenzake watatu. Jina lake nitalihifadhi. Nilikuwa nimechoka, posho ya mwezi uliopita haijatoka, na asubuhi ile mkuu alikuwa ameniuliza mbele ya walimu wenzangu kwa nini kidato cha kwanza hakiongei. Nikamsimamisha mbele ya darasa. Nikamwambia aseme sentensi moja ya Kiingereza, yoyote, ndipo akakae.

Hakusema. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akaangalia chini. Nikamwambia kwamba nitasubiri. Nikaendelea kufundisha wakati uliopita huku amesimama kando ya ubao, mikono nyuma. Kipindi ni dakika 40. Alisimama mpaka kengele ikalia, na kibao chake.

Kesho yake hakuja. Wiki iliyofuata hakuja.

Mwalimu wa darasa lao alikuwa mzee wa historia, amebakiza miaka miwili kustaafu, na hakuwahi kupandisha sauti ofisini. Ijumaa alikuja kwenye meza yangu.

"Mwanangu, unajua yule binti alikuwa anaongea nini pale kwenye pipa?"

"Sijui, mwalimu."

"Alikuwa anawafundisha wenzake biolojia. Somo la asubuhi hawakulielewa, yeye alielewa. Akawaeleza kwa Kiswahili, mpaka na michoro kaichora chini kwa kijiti."

Sikuwa na la kusema. Akaniambia nijiandae, kesho yake tutakwenda kwao.

Kwao ni Katumba. Watu wengi wa makazi yale, au wazazi wao, walikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walifyeka pori, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakazaa watoto na wajukuu wasioijua Burundi. Oktoba 2014 Warundi wa kundi hilo katika makazi ya magharibi ya nchi walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania, na waliopewa uraia kwa jumla ni zaidi ya 160,000. Mtoto aliyekuwa kidato cha kwanza mwaka 2022 alikuwa na umri wa miaka mitano au sita wakati huo. Haya nayo nilikuwa nimeyasikia redioni, nikiwa sekondari Tanga, kama habari za mahali pengine.

Tulimkuta bibi yake uani, anapepeta maharage. Mzee akasema, "Amahoro," bibi akaitika. Kisha bibi akanigeukia mimi. Alisema maneno mengi, taratibu, akiniangalia usoni, na mwisho sauti yake ikapanda. Alikuwa ameuliza swali.

Nilitabasamu. Nikaitikia kwa kichwa. Nikaangalia chini.

Bibi akarudia, taratibu zaidi. Nilielewa kwamba ananihurumia, na huruma ile ilinifunga ulimi kabisa, hata Kiswahili kikanipotea. Binti akatoka ndani na ndoo mkononi, akaniona. "Shikamoo, madamu." Akaweka ndoo chini, akasimama katikati yetu.

"Bibi anauliza, kwenu ni mbali?"

"Mwambie ni mbali. Karibu na bahari."

Akafikiri kidogo, akamwambia bibi yake kwa Kirundi, akanigeukia. "Nimemwambia ni kama Ziwa Tanganyika, lakini halina ng'ambo."

Bibi akacheka, akasema kitu.

"Anasema pole. Na yeye katoka mbali."

Nimesoma nadharia za tafsiri tangu wakati huo, na bado sijakutana na mfano bora wa mtu kuvusha neno moja kwenda kwa mtu asiyewahi kuona kitu chenyewe. Alikuwa na miaka 14. Kiswahili, alichovalishwa kibao kwa kukiongea, alikipata shuleni, darasa la kwanza, kama mimi nilivyopata Kiingereza. Kilikuwa tayari ndiyo lugha yake ya kigeni. Alikuwa ameimudu, na mimi nilimfundisha kwamba kuimudu ni kosa.

Nilitaka kumwomba msamaha. Mbele ya bibi sikujua nianzie wapi, na sisi walimu hatujafundishwa maneno hayo kwa lugha yoyote. Nilimuuliza kwa nini haji shuleni. "Nilikuwa namsaidia bibi maharage, madamu." Maharage yenyewe yalijaa nusu ya ungo. Nikamwambia, "Jumatatu njoo. Kibao hutakivaa tena." Akasema sawa.

Alikuja Jumanne.

Baada ya hapo nilibadilisha vitu vichache. Mzee alikubali kuingia kwenye vipindi vyangu mara mbili kwa wiki. Dakika kumi za kwanza tulizungumza jambo kwa Kiswahili: safari, ugonjwa, mazishi, bei ya mahindi. Tukishakuwa na la kusema, tulitafuta jinsi ya kulisema kwa Kiingereza. Niliwaruhusu kuandika insha yenye mashimo: neno usilolijua liandike kwa Kiswahili, ukilikosa huko liandike kwa lugha ya nyumbani, tutalijaza pamoja. Mitihani haikugeuka ghafla. Wengine walipanda kidogo, wengine hawakupanda. Lakini nilianza kusikia makosa, na makosa ni kelele, na kelele zile nilizifurahia.

Ningependa kusema kwamba nilikichoma kibao. Sikukichoma. Kilikaa kwenye droo mpaka muhula uliofuata, mwalimu mmoja wa kidato cha tatu alipokiomba. Alikuwa mkubwa wangu kazini, na mimi ni wa kujitolea. Nilifungua droo nikampa. Wiki ile nilikiona shingoni mwa mvulana nisiyemfundisha, nikapita.

Niliondoka Mpanda Aprili 2023. Sasa niko Dodoma, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Kwenye kozi moja tulisoma kuhusu Japani, ambako tangu mwaka 1987 serikali huleta vijana wa kigeni wenye shahada kusaidia kufundisha Kiingereza, kupitia mpango uitwao JET. Wengi hupelekwa miji midogo na vijijini. Nilitafuta simulizi zao, nikazisoma usiku kama mtu anayesoma barua za ndugu. Wanakula chakula cha mchana na wanafunzi, wanashika mafagio pamoja nao saa ya usafi, wanaitwa kwa majina ya utani. Na wanasimulia ukimya: salamu ya pamoja yenye nguvu, kisha swali, kisha macho yote kwenye madawati.

Tofauti mbili zilinikalisha macho. Ya kwanza, yule mgeni kwa kawaida ni msaidizi. Kando yake yupo mwalimu wa Kijapani anayejua watoto wanaongea nini nyumbani. Mimi wa kwangu nilimpata mwezi wa saba, tena kwa sababu yeye ndiye aliyenifuata. Ya pili ni nzito zaidi. Mtoto wa Kijapani akishindwa Kiingereza, ukimya wake unaisha kengele ikilia, kwa sababu hisabati na historia anazisoma kwa Kijapani. Kwetu shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili tangu 1967, halafu mtoto anaingia sekondari, anapewa wiki chache za kozi ya kumwandaa, na karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Asiyeweza kuongea kwenye kipindi changu hakuweza kuongea kwenye biolojia, jiografia wala fizikia. Nilidhani nafundisha somo moja, kumbe nilikuwa nimeshika ufunguo wa yote, na ufunguo huo nilikuwa nimeufunga kamba nikauvika watoto.

Yule binti mwaka huu anapaswa kuwa kidato cha nne. Mzee amestaafu, na mara ya mwisho tulipoongea kwa simu aliniambia bado anamwona mstarini, amerefuka. Sikumuuliza kuhusu kibao. Niliogopa jibu.

Tasnifu yangu inahusu ukimya darasani, na lazima niiandike kwa Kiingereza. Nikikwama, nageuza daftari na kuandika wazo lote kwa Kiswahili, kisha nalivusha sentensi kwa sentensi. Wiki iliyopita msimamizi wangu aliyaona maandishi yale ya nyuma, akauliza ni nini. Nikamweleza. "Endelea hivyo hivyo," akasema, akarudi kwenye ukurasa aliokuwa anausoma.

Hakunivika kitu.