Wenyewe Wako Wapi?



Kwa miaka mingi nimekuwa na kadi ya zamani ya posta, niitumiayo kuwekea alama kitabuni. Ina picha ya kasri: ua mpana, paa za vigae, na minara miwili myembamba ya msikiti iliyochongoka kama kalamu. Niliipenda kwa uzuri wake, wala sikuuliza zaidi.

Juma lililopita ilianguka, na mzee mmoja akaiokota. Aliitazama kitambo, akasema: “Nyumba nzuri, Baba. Wenyewe wako wapi?” Nilikosa jibu, nikaenda kusoma.

Hilo ni kasri la Bakhchisarai, katika rasi ya Krimea, kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Jina hilo maana yake ni kasri la bustani. Lilianza kujengwa katika karne ya 16, likawa makao ya makhani, watawala wa Watatari Waislamu wa Krimea, hadi Urusi ilipoitwaa nchi yao mwaka 1783.

Ndani yake mna Chemchemi ya Machozi, iliyochongwa kwa marumaru mwaka 1764. Masimulizi yasema kwamba khani mmoja, akiomboleza mwanamke aliyempenda, alitaka jiwe lilie pamoja naye daima. Ndiyo maana maji hudondoka tone kwa tone kutoka kikombe hadi kikombe. Mshairi Mrusi Pushkin alifika pale mwaka 1820, na utenzi wake ukaieneza sifa ya chemchemi hiyo.

Lakini yapo machozi mengine ambayo kadi yangu haikuyataja. Alfajiri ya tarehe 18 Mei 1944, askari wa serikali ya Stalin walianza kubisha hodi milangoni mwa Watatari. Kwa muda wa siku tatu hivi, watu wapatao 190,000, wengi wao akina mama, watoto na wazee, walipakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa mbali, hasa Uzbekistan. Taifa zima lilihukumiwa kuwa wasaliti. Hata vijana wao waliopigana katika jeshi la Kisovyeti hawakusazwa. Maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Kasri likabaki limesimama.

Walianza kurejea kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1980. Urusi ilipoitwaa tena Krimea mwaka 2014, baadhi yao walihama kwa mara nyingine.

Ndugu zangu, naona haya. Kwa miaka yote hiyo nilisifu mawe, nisiwaulizie watu. Na ni rahisi kumlilia mmoja aliyetungiwa utenzi, kuliko maelfu wasio na majina.

Nimeandika nyuma ya kadi ile: 18 Mei 1944. Nimeirudisha kitabuni ikiwa imegeuzwa, ili kila nikifungua nikutane kwanza na tarehe, ndipo niitazame picha.