Ruzuku na Majina Yake

Sote tunaoishi Uingereza tunajua kwamba huku kumwuliza mtu analipwa kiasi gani ni utovu wa adabu. Mtafanya kazi pamoja miaka kumi na usijue mshahara wa mwenzako. Ndiyo maana mambo ya mwaka 2005 yaliwashtua wengi. Sheria ya haki ya kupata habari ilianza kutumika Januari mwaka huo, na miezi michache baadaye serikali ikatoa orodha ya waliolipwa ruzuku ya kilimo ya Umoja wa Ulaya.

Kumbe miongoni mwa "wakulima" walikuwemo Malkia Elizabeth, mwanawe Charles, na Duke of Westminster mwenye majumba ya Mayfair! Aliyeongoza wala hakushika jembe: kampuni ya sukari ya Tate & Lyle ilipata zaidi ya pauni milioni 120 kwa mwaka mmoja, zikiwemo fedha za kuiwezesha sukari kuuzwa nje ya Ulaya. Sisi tuliokulia jirani na miwa ya Kilombero tulikuwa na sababu yetu ya kuisoma orodha ile.

Mwajiri wangu wa wakati huo, mzee mwenye shamba la karoti huko Lincolnshire, hakupendezwa. Alisema Duke haoni haya. Atakayeumia ni yeye, maana kila akinunua trekta majirani watasema ni kodi zao. (Kiasi chake nilikiona. Hapa sikitaji.) Mkulima mmoja wa Hessen, Ujerumani, alipeleka malalamiko ya namna hiyo mahakamani pamoja na kampuni ndogo ya kilimo, na Novemba 2010 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba kutangaza majina ya watu binafsi wote bila kujali wamepata kiasi gani ni kuvuka mpaka. Sheria ya 2013 ikayarudisha majina, isipokuwa ya wanaopata kidogo sana. Kwa maoni yangu hicho ni kipimo cha haki.

Lakini kwetu orodha ilikuwepo, tena bila kompyuta. Vocha za pembejeo zilipoanza kutolewa kwa wingi Tanzania mwaka 2008, mbolea na mbegu za ekari moja kwa karibu nusu bei, majina yalichaguliwa kijijini na kila mtu alijua nani kapewa. Hata hivyo, watafiti waliofika vijiji vya Kilimanjaro walikuta kaya za viongozi wa kijiji zimepata kama asilimia 60 ya vocha.

Dada yangu, mjane, alikuwa mkutanoni kijijini kwetu. Alisikia jina la mwenyekiti, kisha la shemeji wa mwenyekiti, akanyamaza. Nilipompigia simu kumwuliza kwa nini hakunyoosha mkono, alinijibu, "Kaka, kesho nikitaka barua ya mtoto kwenda shule, nitaandikiwa na nani?"

Waandishi wa magazeti ya London walioyatangaza majina ya 2005 hawakuwa na barua ya kuomba kwa Duke.

Ruzuku ya mbolea ilirudi Tanzania mwaka 2022, wakulima wakaandikishwa kwa mfumo wa kielektroniki. Mimi ningependa orodha ya kijiji chetu isomwe pia na sisi tulio Leicester, Muscat na Minneapolis, maana sisi barua ya mwenyekiti hatuihitaji.